Siku 90 za kumrejesha kijana: Mambo ambayo mzazi anafaa kujua kabla ya kumpeleka mraibu kituoni

KWA kawaida mambo huanza kidogo kidogo. Kijana aliyekuwa mchangamfu anaanza kujitenga, alama zake shuleni zinaporomoka, na marafiki aliokua nao wanapotea mmoja baada ya mwingine huku nafasi yao ikichukuliwa na watu ambao wazazi hawawafahamu.

Baadaye vitu vinaanza kutoweka nyumbani. Leo ni simu, kesho ni mtungi wa gesi, mtondo ni karo ambayo shule inasema haikuipokea. Kila anapoulizwa, kijana hujibu kwa hasira, au kwa machozi na ahadi ambazo hazidumu hata juma moja.

Mama humficha baba, nao wazazi wote wawili huwaficha majirani. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Siri inapofichuka, aghalabu huwa ni baada ya kijana kukamatwa na polisi, kufukuzwa shule au kuokotwa mtaroni akiwa hajitambui.

Ni katika hekaheka hiyo ambapo jamaa hukutana, wakachanga pesa na kukata shauri kumpeleka kijana wao katika kituo cha kurekebishia tabia waraibu. Uamuzi huo hufanywa kwa haraka, kwa hofu na bila habari za kutosha. Wengine huuza ng'ombe au kipande cha ardhi wakiamini kwamba baada ya siku 90 watakabidhiwa mtoto mpya.

Je, ni nini hasa hufanyika ndani ya kituo? Ni kijana yupi anayestahili kulazwa huko, na ni yupi anayeweza kutibiwa akiwa nyumbani? Na kwa nini baadhi yao huurejelea uraibu punde tu wanapotoka?

UGONJWA, SI UKAIDI

Utafiti wa kitaifa uliotolewa na NACADA, mamlaka ya kupambana na matumizi ya pombe na dawa za kulevya, mnamo 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila sita walio na umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo. Pombe ndiyo iliyoongoza, ikifuatwa na tumbaku, miraa na bangi.

Katika kaunti za Pwani, heroini, ambayo mitaani huitwa unga, imewaangamiza vijana wa vizazi kadhaa tangu miaka ya themanini na tisini. Hali kadhalika, tembe za kutuliza wasiwasi na za usingizi, ambazo hazifai kuuzwa bila cheti cha daktari, huuzwa kisiri na kutafunwa na wanafunzi.

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo wengi waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, inapiga marufuku kumuuzia pombe mtu wa chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, sheria peke yake haijawazuia vijana kuonja, na wapo ambao hukwama pale pale walipoonjea.

Wataalamu wa afya ya akili wanasisitiza kwamba uraibu ni ugonjwa. Kileo huufanya ubongo utoe kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, ambayo humfanya mtu ahisi raha. Kadiri matumizi yanavyoendelea, ndivyo ubongo unavyozoea kiwango hicho kikubwa, hata mambo yaliyokuwa yakimfurahisha kijana kama vile soka, muziki au chakula cha mamake yakakosa ladha.

Mwishowe kijana hatumii tena ili afurahi, bali ili aweze kuamka, kula na kutembea kama watu wengine.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa vijana kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kupima matokeo ya vitendo vyake na kujizuia, huendelea kukomaa hadi anapokaribia umri wa miaka 25. Kumpa kileo mtoto wa miaka 14 ni sawa na kulitwika mzigo gari ambalo breki zake hazijakamilika kuundwa.

Kusema kwamba uraibu ni ugonjwa hakumaanishi kuwa kijana hana wajibu wowote. Mgonjwa wa kisukari hakuchagua kuugua, lakini ni yeye anayepaswa kuchunga anachokula na kumeza dawa kila siku. Vivyo hivyo, mraibu hawezi kupona kwa kuchapwa, kulaaniwa au kutengwa, wala hawezi kupona bila yeye mwenyewe kushiriki katika matibabu yake.

SI KILA KIJANA ANAYEFAA KULAZWA

Kosa la kwanza ambalo familia hufanya ni kudhani kwamba kila kijana anayetumia kileo anafaa kufungiwa kituoni. Mwanafunzi aliyenaswa akivuta bangi mara mbili tatu na wenzake anahitaji kuzungumziwa, kufuatiliwa na pengine kumwona mshauri nasaha mara kwa mara. Kumweka kwa miezi mitatu pamoja na watu waliotumia heroini kwa miaka kumi kunaweza kumfunza asiyoyajua.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ni tathmini. Daktari, afisa wa matibabu mwenye mafunzo ya afya ya akili au mshauri wa masuala ya uraibu humuuliza kijana anatumia nini, kwa kiasi gani, tangu lini, na nini humpata anapojaribu kuacha. Humpima mwili pia, kwa kuwa waraibu wengine huwa na kifua kikuu, homa ya ini au virusi vya ukimwi bila kujua.

Aidha, tathmini huchunguza iwapo kuna ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya uraibu. Wapo vijana wanaokunywa ili kuzima huzuni ya kufiwa, kumbukumbu za kunajisiwa au sauti ambazo wao peke yao huzisikia. Bangi kali nayo inaweza kuchochea kichaa kwa kijana ambaye ukoo wake una historia ya maradhi hayo. Ukitibu uraibu na kuuacha ugonjwa huo wa pili, umefagia nyumba na kuacha mlango wazi wakati wa upepo.

Kwa jumla, kulazwa hupendekezwa iwapo kijana amejaribu kutibiwa akiwa nyumbani akashindwa. Iwapo kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha yake. Iwapo ana ugonjwa wa akili unaohitaji uangalizi. Iwapo amewahi kujaribu kujiua. Au iwapo mazingira anamoishi yamejaa kileo kiasi kwamba hana pa kukimbilia.

Kwa watumiaji wa heroini kuna njia nyingine ambayo familia nyingi hazijaifahamu. Tangu Desemba 2014 hospitali ya Mathari jijini Nairobi, na tangu 2015 hospitali ya Malindi, zimekuwa zikitoa dawa ya methadoni, na baadaye huduma hiyo ikaenea katika maeneo mengine. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, ikamwondolea kiu ya unga bila kumlevya, naye akarudi kazini au nyumbani.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba huko ni kubadilisha kileo kimoja kwa kingine. Lakini kijana anayekunywa methadoni chini ya uangalizi wa daktari, asiyejidunga sindano na asiyeiba, yu katika hali iliyo mbali sana na ile aliyokuwa nayo maskani.

WIKI YA KWANZA NDIYO NGUMU

Kijana anapofika kituoni hukaguliwa mizigo na mwili ili asiingize kileo. Simu huwekwa na wasimamizi. Kisha huanza hatua ya kuondoa sumu mwilini, ambayo kwa kawaida huchukua kati ya siku saba na kumi na nne.

Kwa mtumiaji wa heroini, mateso huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho. Vijana wa Pwani huyaita arosto: kamasi hutiririka, viungo huuma kana kwamba vinavunjwa, tumbo hukoroga, akatapika na kuhara, na usingizi hupaa. Hali huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole na kutulia baada ya takriban wiki moja. Arosto huua kwa nadra, lakini mgonjwa aliyehara na kutapika bila kupewa maji anaweza kupoteza maisha.

Linaloshangaza wengi ni kwamba pombe, ambayo huuzwa kihalali, ndiyo inayoweza kuua zaidi inapoachwa ghafla. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu anaweza kupatwa na kifafa katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kutetemeka mwili mzima, kuweweseka na kuona vitu ambavyo havipo, huku moyo ukienda mbio.

Hali hiyo ni ya dharura na hutibiwa hospitalini kwa dawa za kutuliza ambazo hupunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Hatari kama hiyo huwakumba pia wale waliozoea tembe za usingizi.

Kwa hivyo, mzazi anayemfungia mlevi chumbani ili "aache kwa nguvu" anacheza na uhai wake. Vile vile, kituo kisicho na daktari wala muuguzi hakifai kumpokea mtu wa aina hii katika siku zake za mwanzo.

Kuondoa sumu si kupona. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kijana huonekana amenawiri, anakula na anacheka, nao wazazi wakaona hakuna haja ya kuendelea kulipa. Wakimtoa wakati huo, huwa wamemtoa mwilini tu. Akili yake ingali maskani.

RATIBA YA SIKU

Baada ya mwili kutulia, kazi yenyewe huanza. Programu nyingi humu nchini huchukua siku 90, ingawa baadhi hufika miezi sita. Muda huo haukuchaguliwa kiholela. Wataalamu wanakubaliana kwamba matibabu ya chini ya siku 90 huwa na manufaa haba kwa mtu aliyezama katika uraibu.

Siku huanza mapema, mara nyingi saa kumi na mbili asubuhi. Wagonjwa hutandika vitanda, hufagia na kusaidiana jikoni. Kwa mtu ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiamka saa sita mchana bila kujua amelala wapi, kutandika kitanda si jambo dogo.

Baada ya staftahi huja vikao vya kundi. Vijana huketi kwa duara, kila mmoja akieleza alikotoka. Yule aliyeingia akisema kwamba yeye si mraibu, ni mamake tu aliyemchukia, humsikia mwenzake akisimulia kisa kilichofanana na chake hadi kwenye uongo aliomdanganya nyanyake. Wengi huanza kubadilika hapo, kwa kuwa mtu hawezi kumdanganya aliyekwisha kudanganya kwa njia hiyo hiyo.

Baadhi ya vituo hutumia hatua kumi na mbili, utaratibu uliochipuka katika chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1935. Vingine huegemea tiba ya mazungumzo ambayo humfundisha kijana kutambua mawazo na mahali panapomsukuma kutumia, na kupanga mapema atakalofanya badala yake. Vingi huchanganya njia hizo mbili.

Alasiri hutengewa michezo, bustani, ufundi au masomo. Mara moja au mbili kwa wiki kijana huketi peke yake na mshauri wake. Huko ndiko huzungumziwa mambo asiyoweza kuyatamka mbele ya kundi: kipigo alichopata utotoni, deni analodaiwa na wauzaji, au aibu ya aliyoyafanya ili apate pesa za dozi.

Si kila siku huwa nzuri. Karibu na wiki ya tatu au ya nne vijana wengi hutaka kutoroka. Hupiga simu nyumbani wakilia, wakidai chakula ni kibaya na walezi ni wakali. Mzazi hujikuta njia panda, kwa maana malalamishi hayo yanaweza kuwa hila ya mraibu au yanaweza kuwa ya kweli.

Njia ya kulitatua hilo ni kwenda mwenyewe. Zungumza na mshauri, mwone mwanao ana kwa ana, mwangalie mwili, omba uonyeshwe anakolala na jikoni. Kituo kinachoficha hakifai kuaminiwa. Ukikuta mambo ni sawa, mwambie kwa upole na kwa uthabiti kwamba atamaliza siku zake.

KUKAMATWA USIKU

Kuna mtindo ambao umezoeleka: familia huwaita wahudumu wa kituo, nao huja usiku wa manane, humkamata kijana akiwa usingizini na kumtia garini akiwa amefungwa kamba. Wapo waliodanganywa kwamba wanapelekwa kwa mjomba au kwenye mahojiano ya kazi.

Ni kweli kwamba si lazima mraibu aingie kituoni akiwa na hamu kubwa. Wengi walioacha kabisa waliingia kwa shinikizo la wazazi, mke au mwajiri. Lakini shinikizo si utekaji nyara. Kijana anayeanza matibabu kwa kusalitiwa na mamake hutumia wiki nyingi kupigana na usaliti huo badala ya kupigana na uraibu.

Isitoshe, sheria ina msimamo wake. Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022 inamhesabu mtu aliyepatikana na uraibu wa pombe au dawa za kulevya kuwa miongoni mwa wagonjwa wa akili wanaostahili kulindwa. Inampa haki ya kuelezwa matibabu anayopewa, kutoa idhini na kutunziwa siri. Mtu mzima anaweza tu kulazwa bila hiari yake kwa kufuata utaratibu uliowekwa, si kwa uamuzi wa mabaunsa.

Kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi. Kwa sababu hiyo mtoto hafai kuchanganywa na watu wazima katika mabweni, wala kuchapwa, kufungwa minyororo au kunyimwa chakula kwa kisingizio cha kumrekebisha.

Kuna njia bora ya kumshawishi. Zungumza naye asubuhi akiwa hajatumia, si usiku akiwa amelewa. Mweleze ulichokiona badala ya kumwita majina: "Jumanne ulianguka bafuni ukaumia" humfikia zaidi ya "wewe ni mlevi". Acha kumlipia madeni na kumtungia uongo shuleni au kazini. Na uwe umekwisha kutafuta nafasi kituoni, ili siku atakaposema "nimechoka" asiambiwe asubiri wiki mbili.

JINSI YA KUCHAGUA KITUO

Vituo vimeongezeka sana katika miaka ya karibuni, na si vyote vina nia njema. Kila kituo kinapaswa kuwa na kibali cha NACADA, na mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe kibali hicho na kukagua tarehe yake.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza: Nani daktari wa hapa na huja siku zipi? Usiku kuna muuguzi? Washauri wamesomea wapi? Wagonjwa wangapi hulala katika chumba kimoja? Vijana na watu wazima hutenganishwa? Familia huruhusiwa kuja lini? Mgonjwa akizidiwa hupelekwa hospitali gani? Na baada ya siku 90, kuna mpango gani wa kumfuatilia?

Jihadhari na anayekuhakikishia kwamba mwanao atapona asilimia mia moja. Daktari mkweli hatoi ahadi ya aina hiyo. Jihadhari pia na anayejivunia kwamba matibabu yake ni maombi pekee au kazi ngumu pekee. Imani na kazi huwasaidia wengi, lakini hazizuii kifafa cha mtu aliyeacha pombe jana.

Gharama hutofautiana sana. Omba orodha ya malipo kwa maandishi, kwani mara nyingi ada inayotangazwa haijumuishi vipimo, dawa na matumizi madogo madogo. Uliza iwapo kituo kimesajiliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na ni kiasi gani kitakachobaki kwa familia.

Wasiojiweza wana pa kuanzia. Hospitali ya Mathari ina kitengo cha kuwatibu waraibu, na kule Mombasa kuna kituo cha umma cha Miritini. Katika kaunti ya Kilifi, shirika la Omari Project limekuwa likiwahudumia watumiaji wa heroini tangu miaka ya tisini. Hata hospitali ya kaunti isiyo na vitanda vya waraibu inaweza kufanya tathmini na kutoa barua ya rufaa.

FAMILIA NAYO HUTIBIWA

Wazazi wengi humwacha kijana langoni kama anayepeleka gari kwa fundi, wakirudi siku ya kulichukua. Lakini uraibu huwa umeigusa nyumba nzima. Ndugu wadogo wamejifunza kuficha pesa, baba na mama wamelaumiana hadi hawasemezani, na kila mmoja amezoea kuishi kwa tahadhari.

Kwa hivyo vituo vyema huwaita jamaa katika vikao. Huko kijana husikia madhara aliyoyafanya, nao wazazi husikia wasiyotarajia. Baba anayemkemea mwanawe kwa ulevi huku akirudi nyumbani kila Ijumaa akipepesuka huulizwa swali ambalo hakuna aliyethubutu kumuuliza sebuleni kwake.

Ni katika vikao hivyo ambapo masharti ya kurudi hukubaliwa: atalala wapi, atarudi saa ngapi, nani atashika pesa zake, na itakuwaje akitumia tena. Masharti yaliyoandikwa na kukubaliwa na wote hupunguza ugomvi wa baadaye.

SIKU YA 91

Siku ya kutoka huwa ya shangwe. Mbuzi huchinjwa, jamaa hukusanyika, na kijana hupewa simu mpya. Kumbe ndiyo siku yenye hatari kubwa kuliko zote.

Anarudi mtaa ule ule, akipita njia ile ile, na aliyekuwa akimuuzia angali ameketi pale pale. Harufu, wimbo au hata mshahara wa kwanza unaweza kuamsha kiu aliyodhani imekufa. Ndiyo maana washauri hupendekeza kwamba, inapowezekana, kijana akae kwanza kwa miezi kadhaa katika nyumba ya mpito au kwa jamaa anayeishi mbali na maskani yake ya zamani.

Kuna jambo ambalo kila familia ya mtumiaji wa heroini inapaswa kulijua. Baada ya miezi mitatu bila kutumia, mwili hupoteza uwezo wa kuhimili kiwango cha zamani. Kijana akitumia dozi aliyoizoea awali, inaweza kuukatiza upumuaji wake. Wengi waliofariki baada ya kutoka kituoni au gerezani hawakutumia zaidi ya walivyozoea. Miili yao ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Ukimkuta kijana akipumua polepole mno, midomo imegeuka rangi ya samawati na haamki anapoitwa, usimwache alale ili ulevi umtoke. Mlaze ubavu, mkimbize hospitalini na uwaeleze wahudumu ukweli kuhusu alichotumia. Ipo dawa iitwayo nalokisoni ambayo hurejesha pumzi kwa dakika chache ikitolewa mapema.

Taasisi ya kitaifa ya Marekani inayotafiti uraibu, NIDA, inakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa huurejelea uraibu wakati fulani. Kiwango hicho kinakaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu wanaoteleza katika masharti ya matibabu yao.

Habari hizo hazifai kumkatisha mzazi tamaa, bali kumfanya ajiandae. Mgonjwa wa shinikizo la damu anapozidiwa hatufukuzi nyumbani. Tunamrudisha kwa daktari. Kijana aliyeteleza baada ya miezi mitano anahitaji kurudi kwa mshauri wake siku hiyo hiyo, kabla ya kosa moja kuwa wiki nzima. Asipofokewa, hukiri mapema. Akifokewa, huficha, na tunarudi pale pale tulipoanzia.

Kinachomshikilia zaidi ni kuwa na la kufanya. Aliyeacha shule arejeshwe, hata kama ni kwa kurudia darasa. Aliyemaliza atafutiwe ufundi, kibarua au shamba dogo la kushughulikia. Ahudhurie vikao vya wanaosaidiana kuacha kileo, afuatiliwe kliniki, na apate angalau mtu mmoja mzima ambaye anaweza kumpigia simu usiku wa manane bila kuogopa kuhukumiwa.

Na mzazi naye asisahau kwamba siku 90 huenda zikawa mwanzo wa safari ya miaka. Mabadiliko huonekana katika mambo madogo: ameketi mezani na wenzake, amerudisha salio la dukani bila kuulizwa, amecheka kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. Uaminifu uliobomoka kwa miaka mitatu haujengwi kwa mwezi mmoja, na kijana anafaa kuelezwa hivyo waziwazi ili asikate tamaa anapoona mkoba wa mama ungali unafichwa.

Anayehitaji ushauri kuhusu uraibu anaweza kupiga simu ya NACADA ya bila malipo, nambari 1192, wakati wowote. Kwa mtoto anayeteswa au aliye hatarini, pamoja na yule anayedhulumiwa ndani ya kituo, nambari ni 116, nayo pia haina malipo.